Nusu Saa ya Bibi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwenye kiwanda cha kushona nguo, mama alinikumbusha jambo lile lile: "Mpe bibi kidonge chake, na usisahau nusu saa."

Kilikuwa kidonge cha kulinda mifupa, kwa sababu mifupa ya bibi ilikuwa imeanza kudhoofika kwa uzee. Masharti yake yalikuwa makubwa kuliko kidonge chenyewe. Kimezwe mara moja kwa wiki, tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji. Kisha bibi akae wima nusu saa, asilale, asile kitu, na chai ya maziwa asiiguse, maana maziwa huizuia dawa kuingia mwilini.

Bibi alikaa kwenye kiti cha jikoni, mgongo umenyooka kama askari anayekaguliwa. Macho yake hayakuweza tena kusoma saa ya ukutani, kwa hiyo alinitegemea mimi. "Nesi wangu," alinitania, "kifungo changu kinakwisha lini?"

Lakini mazoezi ya netiboli yalianza saa mbili kamili, na mwalimu wetu wa michezo hakuwa na masihara na wachelewaji. Jumamosi moja nilitazama saa, nikaona zimepita dakika tano tu. "Tayari, bibi," nikasema. Nikammiminia chai, nikatia alama kwenye kalenda, nikatimua mbio. Bibi alishangaa tu: "Loo! Leo nusu saa imekimbia!"

Wiki iliyofuata nikarudia, na nyingine tena, mpaka uongo ukawa mazoea. Mwaka mzima dakika tano niliziita nusu saa.

Kisha bibi akateleza bafuni, akavunjika mkono. Mfupa ulisagika hata pakabaki pengo. Madaktari walikata kipande kidogo cha mfupa kwenye nyonga yake, wakakipandikiza penye pengo na kukibana kwa chuma. "Mnanihamisha vipande vipande," bibi aliwatania.

Miezi mitano baadaye, kidonge kikiendelea vile vile, tulikwenda wote watatu kwenye kliniki ya mifupa. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Palipopandikizwa palikuwa na mstari mweusi.

"Mfupa haujaunga," alisema. "Bibi, ile dawa ya mifupa umekuwa ukiimeza sawasawa?"

"Sawasawa kabisa!" bibi akajibu kwa fahari. "Nina nesi nyumbani. Hajanipunguzia hata dakika moja."

Mama akaitoa kalenda mkobani, na alama zangu zote zikaonekana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari akaeleza taratibu: "Mfupa ni kama nyumba inayokarabatiwa kila siku. Wapo wanaobomoa kuta zilizochakaa, na wapo wanaojenga upya. Dawa hii huwazuia wabomoaji, ndiyo maana mfupa wa mzee haupungui haraka. Lakini mfupa uliopandikizwa unawahitaji wote: kilichokufa kiondolewe, kipya kijengwe. Kuna wagonjwa ambao dawa hii huwasaidia, na wengine huenda ikawachelewesha kuunga. Kwa kuwa umeimeza zaidi ya mwaka bila kukosa, nadhani ndiyo inayotuchelewesha. Tutaisimamisha tusubiri miezi mitatu. Usipounga, itabidi tuufungue mkono tena."

"Kuufungua tena?" bibi aliuliza. Safari hii hakutania.

Hapo nikasema. Niliwaambia kuhusu dakika tano, chai ya maziwa na netiboli. Niliona aibu kiasi kwamba niliongea na sakafu.

"Muda wote huo?" mama aliuliza.

"Basi dawa haikuingia ya kutosha," daktari alisema. "Nilikuwa namkamata asiye mwizi. Mpelekeni maabara leo hii."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemvunja mkono?" nikauliza.

"Hilo hatuwezi kulijua," alinijibu. Jibu hilo halikunipa raha.

Vipimo vya damu vilionyesha kwamba bibi alikuwa na upungufu mkubwa wa vitamini D, na mfupa ulikosa cha kujijengea. Akapewa vidonge vya vitamini hiyo, na kile cha kila wiki kikasimamishwa kwanza. Majuma yote yaliyofuata bibi aliongea nami kwa upole, lakini hakunitania hata mara moja. Ningefurahi zaidi angenigombeza.

Tuliporudi kliniki baada ya miezi mitatu, mstari mweusi ulikuwa umetoweka.

"Umeunga!" daktari alisema, kisha akanigeukia. "Eksirei hunionyesha mfupa, na maabara hunionyesha damu. Yanayofanyika nyumbani nayajua kwa kuambiwa tu. Nikidanganywa, namtibu mtu ambaye hayupo. Ukweli wako ulitusaidia, mwanangu, ila ulichelewa." Akamwambia mama kwamba sasa kidonge cha kila wiki kinaweza kuanza tena. "Nani atamsimamia?"

Mama alinitazama. Niliinamisha kichwa.

"Huyu huyu," bibi akasema. "Lakini iwe Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?" nikauliza.

"Kidonge ni cha siku moja kwa wiki. Hakijui Jumamosi. Ungeniambia tu kwamba una netiboli, tungehamisha siku. Mimi ni bibi yako, si mwalimu wa michezo. Ulikuwa unaniogopea nini?"

Nililia mbele ya daktari na mama, na bibi akanishika bega kwa mkono ule uliopona.