Pointi Namba Tisa

Nina hasira, na nitasimulia nikiwa nayo hivyo hivyo.

Lusajo, mtafiti aliyeniajiri nimwongoze msituni huku Lushoto, alikuwa na pointi kumi za kuhesabia miti na watu wanaoishi hapo. Kompyuta ndiyo iliyozichagua. Pointi ikiangukia mahali, unakwenda hapo hapo, liwe bonde au jabali. Ya tisa iliangukia kwa Shangazi Yunis, anayeishi peke yake juu kabisa, kando ya msitu. Mvua ikanyesha kabla hatujapanda, tukajibanza mgahawani. Lusajo akatuagizia chai, akajaza fomu pale pale mezani.

"Miti thelathini na moja. Watu, hakuna."

"Shangazi yangu anaishi pale," nikamwambia.

"Alen, nani atapanda kuhakiki?"

Nikacheka. Ndiyo, nami nilicheka, maana miguu ilikuwa inaniuma.

Kesho yake jioni nikampelekea shangazi unga na chumvi. Nilipofika, nyumba haikuwepo. Hapakuwa na jivu wala mgomba. Miti tu, mikubwa, imeota kuvu. Nikaihesabu mmoja mmoja.

Thelathini na moja.

Kisha nikasikia harufu ya moshi wa jiko lake... na sauti, chini chini, sijui ikitokea wapi.

"Alen... mlisema nini juu yangu?"

Nilishuka mbio hadi kwa Lusajo, nikamkaba shati.

"Andika jina lake. Yunis. Andika sasa hivi."

"Fomu haina sehemu ya jina," akanong'ona. "Ina idadi tu."

Akafuta "hakuna". Akaandika "mmoja".

Alfajiri nilipanda tena. Nyumba ilikuwepo, moshi unafuka. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikapiga hodi.

"Shikamoo, Shangazi."

Mlango ukafunguka... akatoka mtu.

Hakuwa Yunis.

Alikuwa mtu tu. Amevaa kanga ya shangazi, na uso wake, ukiacha kuutazama kidogo tu, umeshausahau.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Jina langu hakulijua.

Lusajo ameshaondoka, ripoti yake imepita. Majirani wananong'ona kwamba ni uchawi, ila hakuna anayesema ni wa nani. Mimi najua. Ni wa wawili waliokuwa wanakunywa chai.

Unga bado naupeleka, naye huupokea kwa mikono miwili. Namchukia, na ninajichukia zaidi. Jumapili iliyopita nilikwenda na baba, kaka yake Yunis wa tumbo moja. Alimtazama yule mtu kwa muda mrefu, kisha akamwita dada.