Kui Hana Msemaji

Soko la Chwele, Bungoma, lilikuwa limejaa watu, ng'ombe na pikipiki Kipketer, muuza viazi, alipoingia kwenye kibanda cha chai amefura kwa hasira. Kui, msichana wa Kitale mwenye gauni la manjano na gambuti nyekundu, alikuwa ameinamia kompyuta. Ndiye aliyetengeneza tovuti ya bei za soko.

"Madam, unaniaibisha! Ati gunia la viazi vyangu ni shilingi hasi mia mbili? Nimlipe mteja ndio abebe?"

Kui alicheka mpaka chai ikamwagika. "Pole, kijana mzuri. Keti. Niliacha bei ikiwa public, kila mtu anaigusa moja kwa moja. Sasa naifanya private. Mtu wa nje akitaka kuisoma, PHP, lugha niliyoandikia tovuti, inaita __get, kama msemaji wa bei, nayo inaamua atajibiwa nini. Akitaka kuibadilisha inaita __set, na hapo nakataa upuzi. Ikiwa public, hizo mbili haziitwi hata."

"Na roho yako je?"

"Private kabisa! Jaribu bahati yako."

Akajaribu, na haki alifaulu. Simu za jioni kati ya Bungoma na Kitale zilikuwa tamu, "switi" huku, "mpenzi" kule, mpaka Kipketer akaenda kujitambulisha kwa mzee Gathii, babake Kui. Shati jeupe, viatu vinang'aa, jasho tele.

"Kui," mzee akauliza, "ukiolewa, kazi ya kompyuta itakuwaje?"

Kabla Kui hajafungua mdomo, Kipketer alirukia, "Ataacha, Mzee! Atasimamia viazi."

Jamani, mwanaume mzima! Kui aliinuka, akaenda chumbani na kujifungia.

Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, nilitaka tu babako anipende."

"Kwa hivyo ukajifanya __get yangu? Naulizwa mimi, unajibu wewe, tena uongo? Mimi niko na mdomo, bana! Kama huwezi kusema ukweli mbele yake, usinipigie tena."

Akakata, kisha akalia, kwa sababu alimpenda.

Jumapili Kipketer aliwangoja Kui na babake nje ya kanisa la Kitale, mbele ya shangazi wote wa Kui wamevaa vitambaa vya kichwa.

"Mzee, nilidanganya. Kui hajawahi kuniambia ataacha kazi. Nilijibu swali lisilo langu. Muulize mwenyewe."

Mzee Gathii akamgeukia binti yake.

"Naolewa na Kipketer, Baba. Na kazi siachi, leo wala kesho."

"Na mimi nikikataa?"

"Nitahuzunika sana, Baba. Lakini nitaolewa."

Mzee akamgeukia Kipketer, akamuuliza wazazi wake watakuja lini kuposa.

Kipketer alifungua mdomo, akaufunga. "Kui," akasema, "unataka waje lini?"