Kengele ya Mwalimu Leonardi

Mwezi wa saba mwaka jana, saa nne asubuhi, jua likiwaka na ule upepo wa Ufipa unaopasua midomo, mama mdogo Herieth alikuwa dukani kwake Sumbawanga mjini akikunja vitenge. Mimi nilikuwa namsaidia. Simu ikaita. Alisikiliza, akajitanda kanga, akasema, "Washa pikipiki. Twende Pito kwa mwalimu Leonardi."

Nilishtuka. Kwetu jina hilo halitajwi.

Leonardi aliwafundisha mama mdogo na dada yake, Fortunata, katika shule ya msingi ya misheni hukohuko Pito, miaka ya tisini. Ukichelewa, ukiongea kanisani, ukisahau sala, adhabu ilikuwa ileile: magoti juu ya mahindi makavu, mikono juu, mpaka kengele ya sala ya Malaika wa Bwana, saa sita mchana. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori, na mgongaji alikuwa Fortunata. Siku moja mama mdogo alikuwa magotini, analia. Dada yake hakuvumilia. Akagonga mapema ili mdogo wake ainuke.

Leonardi akampigisha yeye magoti, kisha akaificha nondo ya kugongea. Fortunata alikuwa na homa kali. Saa sita ikapita. Mama mdogo, mtoto wa darasa la pili, akamwendea. "Mwalimu, dada anaumwa. Mruhusu ainuke."

Leonardi hakuinua hata macho kwenye gazeti lake. "Kengele imelia?"

Haikulia. Jioni Fortunata alibebwa nyumbani, magoti yake bado yamekunjika. Kesho yake alizikwa, na Leonardi ndiye aliyesoma somo kwenye misa. Baadaye akapewa ukuu wa shule. Mpaka leo nikimwita mwalimu naona kinyaa.

Pale Pito, binti yake Victoria alitupokea kwenye ua, macho yamemvimba. "Dada, nisaidie. Tangu asubuhi yuko vile."

Mahindi ya msimu yalikuwa yameanikwa kwenye turubai. Katikati yake mzee alikuwa amepiga magoti, mikono juu. Ni mtu wa kutembelea fimbo, lakini mikono ile haikutetemeka.

"Vijana wamemvuta wamechoka," Victoria akanong'ona. "Hanyanyuki."

Mama mdogo alimsogelea. Shikamoo haikumtoka.

"Herieth," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Yupo hapa mbele yangu. Ananikataza kuinuka. Wewe atakusikia. Mwambie aniruhusu."

Niliangalia. Hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa wakidonoa turubai lote, ila pale mbele yake hawakupakanyaga.

Victoria akashika miguu ya mama mdogo. "Neno moja tu, dada. Atakufa."

Mama mdogo alimtazama mzee. Nilidhani atasamehe, na nilichukia. Kisha akainama mpaka sikioni mwa mzee.

"Kengele imelia, mwalimu?"

Mzee akafumba macho. Machozi yakamshuka. Upepo ukakata. Kuku wakatawanyika. Saa sita ikafika. Kanisani hawakugonga kengele. Ikapita.

Kichwa kikaanguka kifuani. Mikono ikabaki juu.

Ndipo tukaisikia. Chuma juu ya chuma. Taratibu, kwa mapigo ya Malaika wa Bwana. Ilitoka upande wa shule. Rimu ile iliuzwa chuma chakavu zamani, siku hizi wanatumia kengele ya umeme. Victoria akaziba masikio. Mama mdogo akafanya ishara ya msalaba, akasema kwa sauti, "Dada, inuka sasa."

Mikono ya mzee ikashuka. Tulipomnyanyua alikuwa mwepesi, maiti kama maiti nyingine. Magoti yake yalikuwa yameacha mashimo kwenye mahindi. Mbele ya mashimo hayo zilikuwepo nyayo mbili za mtoto, peku, vidole vikimwelekea yeye. Victoria alizifukia kwa mkono. Tulipoleta shuka la kumfunika, zilikuwepo tena, ila sasa vidole vilielekea pale alipokuwa amesimama mama mdogo.

Hatukungoja matanga. Njiani pikipiki ilikuwa nzito, kila mlima inakoroma, nami nilikuwa nimembeba mtu mmoja tu. Sikugeuka nyuma. Mama mdogo alikuwa akiongea Kifipa kwa sauti ya chini, ananyamaza kidogo, kisha anacheka.

Tulipofika dukani alishuka. Kwenye kiti cha pikipiki, nyuma ya alipokuwa amekaa, palikuwa na punje za mahindi, zimelowa damu mbichi.

Nilichukua kitambaa. Akanishika mkono.

"Acha. Ni za dada."