Soksi Iliyokataa Kutoka

Kila siku alasiri, akishavua sare za shule na kunawa mikono kwa sabuni, Kiberiti alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha la jikoni akafuma soksi. Jina lake halisi lilibaki shuleni tu. Nyumbani wote walimwita Kiberiti kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuwaka, na akitaniwa kwa jina hilo aliwaka vilevile.

Soksi zenyewe hazikuwa za kawaida. Shangazi yake, ambaye riziki yake ilikuwa kufuma, alimfundisha kufuma soksi mbili kwa pamoja, moja ndani ya nyingine, kwenye sindano zilezile. Kitanzi cha soksi ya nje, kitanzi cha soksi ya ndani, kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo cha mguu. Kila soksi ilikuwa na donge lake la uzi. Kazi ikiisha, unaivuta ile ya ndani, nayo inatoka nzima, pacha wa mwenzake, haina mshono hata mmoja. Lakini ole wako uchanganye nyuzi! Ukifuma kitanzi cha nje kwa uzi wa ndani, hata mara moja tu, soksi hizo zimeshikana.

Safari hii soksi zilikuwa za bibi. Bibi alikuwa na kisukari, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Mwaka uliopita, mshono wa soksi ya dukani ulimchubua kidole bila yeye kuhisi, na nusura akatwe mguu. Sasa alikuwa anajiandaa kusafiri kwenda kliniki ya mbali, na daktari alikuwa amesema asivae tena soksi zenye mshono. Shangazi akachemsha uzi wa sufu kwenye sufuria kuukuu, akaumwagia rangi kwa kijiko, hapa manjano, pale zambarau, kwingine kijani. Madonge yote mawili yalitoka sufuria moja, na ukiyatazama hujui lipi ni lipi.

"Sheria yangu ni moja," shangazi alisema siku ya kwanza. "Mwenye hasira haguzi sindano. Hasira ina mikono yake, na mikono hiyo haijui kufuma."

Sheria hiyo Kiberiti aliivunja mapema. Kasuku, binti ya shangazi, aliyesoma naye darasa moja na ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, aliwaambia wenzao wakati wa mapumziko: "Huyu hafumi lolote. Mama ndiye anamfumia nusu!" Darasa zima likacheka. Kiberiti alirudi nyumbani damu inamchemka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umefura hivyo?"

"Mimi? Nipo sawa tu."

Akachukua sindano. Alifuma kwa kuchoma, kila kitanzi akiona sura ya Kasuku, na mara akagundua kwamba ameshika uzi wa ndani kufuma kitanzi cha nje. Ingetosha afumue vitanzi vichache tu. Lakini hasira haina subira. Akasema moyoni, "Ah! Kitanzi kimoja, nani atakiona?" Na kweli, rangi zile zililimeza kosa lake, na yeye akaendelea. Tangu siku hiyo macho yake hayakuacha kukimbilia pale pale.

Siku moja kabla ya safari, kazi ikaisha. Bibi aliketi kitini, miguu mitupu juu ya mkeka. Shangazi alizitoa soksi sindanoni, akaivuta ile ya ndani.

Haikutoka.

Akavuta tena. Akapenyeza vidole katikati ya soksi mbili, vikafika kisiginoni, vikakwama. Mbele yake soksi ilikuwa nyembamba na imebana. Akaigeuza huku na huku mbele ya dirisha, lakini rangi za nyuzi zote mbili zilifanana.

"Nyuzi zimechanganywa huku mbele," alisema kwa sauti iliyokauka. "Wapi, na mara ngapi, sijui. Nani amefanya hivi?"

Kiberiti alikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake akakumbuka vicheko vya darasani, na moto wa siku ile ukawaka upya.

"Ni Kasuku! Nilitoka kidogo, nikarudi nikamkuta anazichezea. Ananionea wivu!"

"Muongo wee!" Kasuku aliruka. "Sijazigusa hata kwa ukucha!"

"Kimya!" Shangazi alimgeukia binti yake. "Na yale uliyosema shuleni unadhani sikuyasikia? Mdomo wako haukutosha, sasa umeongeza na mikono? Nionyeshe ulipofuma, nikate hapo tu, nirekebishe. Upesi!"

"Sijui, mama! Nitajuaje wakati si mimi?"

"Ulifuma vidoleni au katikati?"

"Sijui!" Machozi yalikuwa yanamtoka, ya uchungu na ya hasira. "Niue basi, lakini sijui!"

"Kiburi hicho utakiona." Shangazi alishika ncha ya uzi wa juu, akaanza kufumua. Mstari wa kijani ukatoweka. Mstari wa manjano ukafuata. Uzi ulianguka sakafuni umejikunja, na Kiberiti aliona alasiri zake zote zikianguka nao.

"Acheni kugombana," bibi alisema taratibu. "Hazitakuwa tayari kesho. Nitavaa zile za dukani, nitakuwa mwangalifu."

Kiberiti aliitazama miguu ya bibi, na lile kovu jeusi kwenye kidole. Akamkasirikia Kasuku kwa kulia, akamkasirikia shangazi kwa kufumua, akamkasirikia hata bibi kwa upole wake. Hasira hizo zote zilipokosa pa kwenda, zikamrudia mwenyewe.

"Acha, shangazi!" alipiga kelele. "Acha! Ni mimi! Ni kitanzi kimoja tu, upande wa mgongo wa mguu, karibu na vidole, pale zambarau inapokutana na kijani mara ya pili! Nilikuwa na hasira, nikakiona, nikakiacha!"

Shangazi alihesabu rangi kwa kidole, akapata mahali, akakiinua kitanzi kwa ncha ya sindano na kukikata kwa mkasi mdogo. Akavuta. Soksi ya ndani ikateleza ikatoka, nzima, na rangi zake zote. Akaliziba tundu kwa uzi uleule, kisha akapitisha shavu lake juu ya pale kutafuta fundo. Hakulikuta.

Ndipo alipomshika binti yake bega. "Mwanangu, nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza." Kisha akamgeukia Kiberiti, macho yamemwiva. "Na wewe! Ungemwacha mwenzako abebe mzigo wako, na bibi yako arudi kwenye vidonda?"

Kiberiti aliinamisha kichwa. "Nisamehe, shangazi. Kasuku, nimekukosea. Bibi, nisamehe."

Bibi aliinua mguu wenye kovu. "Mjukuu wangu, hata mimi kidonda hiki nilikificha. Nilipokiona nilijiambia ni kidogo, nisiwasumbue. Daktari akaniuliza, 'Bibi, kwa nini hukusema kikiwa kidogo? Dawa kidogo na bandeji vingetosha.' Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa ni hivyo hivyo. Ungelisema siku ile, ungefumua vitanzi vichache. Leo nusura upoteze soksi, ndugu yako na mguu wangu. Umechelewa, lakini umesema. Kesho usichelewe."

Zilibaki zile sehemu za juu zilizofumuliwa. Kiberiti akanyoosha mkono kuchukua sindano.

"Bado nina hasira na wewe," Kasuku alimwambia, akifuta pua.

"Haki yako. Hata mimi nina hasira na mimi mwenyewe."

"Basi hakuna anayegusa sindano," shangazi alisema. "Wala mimi. Bado nachemka."

Walitazamana. Jua lilikuwa linashuka, na soksi zilikuwa hazijaisha.

"Leteni hapa," bibi alisema, akavaa miwani yake. "Nyumba nzima, mwenye moyo mtulivu nimebaki mimi peke yangu."