Mpenzi Wangu na Mtu wa Juu ya Kigoda

"Wivu? Mimi? Wivu ni ugonjwa wa watu wasiojiamini. Wewe hata ukikaa meza moja na mwanamume siku nzima, mimi nitawaletea chai nyingine, halafu nimuulize yeye anatia sukari kiasi gani."

Nilisema hayo nikiwa nimejifunga skafu mpaka masikioni, katikati ya soko la vitu vya zamani, ugenini, kwenye baridi inayomtoa mtu machozi bila msiba. Mchumba wangu alikuwa ameinamia sanduku la vifungo vya makoti, anavichambua kama mchele. Muuza vifungo, baba mmoja mwenye ndevu, alikuwa anatabasamu kuliko biashara inavyohitaji.

"Huyu baba ananitazama tangu tumefika," mchumba wangu akasema. "Na wewe umesimama tu."

"Namhurumia. Anatazama kitu asichoweza kupata."

"Haya, mheshimiwa usiye na wivu. Nishikie simu, nivue glavu."

Akanipa simu. Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Naomba nieleweke hapa: sikuisoma ile meseji. Iliingia machoni yenyewe.

*MKASI: Kesho saa nne asubuhi nakusubiri. Njoo peke yako. Yeye mwambie chochote.*

Nyie. Ile baridi ya nje ilikuwa mzaha.

"Nani huyo?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mtandao," nikajibu. "Wanakukaribisha nchini kwao."

Akaichukua, akasoma. Kisha akaniangalia usoni na tabasamu safi kabisa, lile linalonimaliza siku zote.

"Kumbe watu wakarimu hawa," akasema, na simu ikazama ndani ya koti.

Sasa mtujue. Yeye ni fundi wa magauni ya harusi. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi namwita hivyohivyo hata nikiwa nabembeleza. Mimi ni kinyozi. Harusi yetu ilikuwa inatusubiri tukirudi, ukumbi umeshapatikana, mama yangu mzazi ameshagombana na watu wawili kuhusu rangi ya vitambaa. Hii safari tuliidundulizia mwaka mzima tupumue kabla ya vurugu. Mimi nilitaka mahali pa jua na mchanga. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania mji wa theluji.

Sasa nilianza kuelewa kwa nini.

Tukaendelea kuzurura. Tukapita mitaa ya mawe inayoteleza, maduka ya saa mbovu, wanawake wanaouza soksi za sufu juu ya vibaraza. Tukanywa chai kwenye vikombe vya karatasi tukitazama tramu zikipita na vioo vyenye ukungu. Picha tulipiga. Ukizitazama leo utasema hawa watu wana raha. Ukikuza picha utaona jicho langu moja liko kwenye mfuko wa koti lake.

Asubuhi yake alikuwa wa kwanza kuvaa.

"Nataka nikazunguke peke yangu kidogo," akasema huku akifunga viatu. "Naenda kuangalia vitambaa. Wewe vitambaa vinakuchosha, utaanza kupiga miayo nishindwe kuchagua."

"Nenda tu, mpenzi. Mimi leo silipi kitanda hiki bure. Nalala mpaka kiniombe msamaha."

"Hutaudhika?"

"Mimi? Kwa kitambaa?"

Akanibusu kwenye paji la uso, akatoka. Nilihesabu hatua zake mpaka kwenye lifti, kisha nikaruka kutoka kitandani kama mkate unaoruka kwenye tosta.

Kumfuata mtu kwenye theluji ni kazi ya kudhalilisha. Huwezi kukimbia, utaanguka. Huwezi kutembea polepole, utaganda. Na koti langu lilikuwa jekundu, alilichagua yeye mwenyewe, analijua. Nikasimama kwenye meza ya kwanza ya muuza kofia, nikanyakua moja ya manyoya, kubwa, inayoshuka mpaka kwenye nyusi. Koti nikaligeuza, ndani nje, bitana nyeusi ikawa juu. Baadaye niliambiwa kofia ile ni ya akina mama. Wakati huo sikujali, hata ingekuwa ya bibi harusi ningevaa.

Alikata kona mbili, akaingia kwenye mlango mwembamba wenye kengele. Pembeni mwa mlango kulikuwa na dirisha kubwa, limejaa ukungu. Nikasogea. Nikapangusa kwa kiganja. Sikuona vizuri. Nikaweka pua.

Ndani kulikuwa na taa za njano, pasi zinazotoa mvuke, na kigoda katikati. Juu ya kigoda, mwanamume. Mrefu, kifua kipana, shati jeupe, na koti lenye mkono mmoja tu. Na Fundi wangu amesimama mbele yake, karibu mno, mikono yote miwili begani kwake.

Nikampigia mwenzangu wa kiti cha pili pale saluni.

"Kaka, nimekwisha."

"Umeanguka kwenye barafu?"

"Fundi yuko na mwanamume. Nawaona kwa macho yangu."

"Wewe si ndiye uliyemwambia yule mteja wa upara kwamba mwanamume anayechungulia simu ya mkewe ni mtoto?"

"Huyo mteja alikuwa na matatizo yake. Sikiliza! Anamshika mabega. Anampapasa mgongo."

"Labda anamkanda."

"Unanichekesha au unanizika?"

Nikanyamaza kwa sababu Fundi aliinama. Akapeleka uso wake begani kwa yule mtu. Mdomo. Nasema mdomo, siyo shavu, ukatua pale juu ya bega, ukakaa, kisha akajitoa taratibu na kucheka. Yule mrefu naye akacheka.

"Amembusu," nikasema.

"Wapi?"

"Begani."

"Nani anabusu bega, bwana? Ingia ndani umuulize."

"Nikiingia atajua nilimfuata."

"Kwa hiyo shida yako siyo busu. Shida yako ni kuonekana una wivu."

Nikakata simu, maana kuna watu hawajui kumfariji mtu. Nilipoinua uso, yule mrefu alikuwa ananitazama moja kwa moja kupitia ile duara niliyoipangusa. Akainua nyusi. Nikashusha kofia, nikaondoka kwa hatua za mtu ambaye hakuwa pale.

Jioni Fundi alirudi mashavu mekundu kwa baridi, kidole cha shahada kimefungwa kitambaa. Mimi nilikuwa kitandani na blanketi mpaka kidevuni. Kofia iko chini ya godoro.

"Hujatoka kabisa?"

"Nitoke niende wapi? Vitambaa vilikuwaje?"

"Vizuri."

"Virefu?"

"Nini?"

"Vitambaa. Virefu, vyeupe, vyenye kifua?"

Akavua koti polepole. "Una nini wewe leo?"

"Sina kitu. Kidole kimefanya nini?"

"Nimejichoma."

"Na kitambaa? Kitambaa cha kuangalia kinachoma siku hizi?"

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanipa mgongo. Nikajua sasa ndiyo hiyo inakuja, na mama yangu atagombana na watu wengi zaidi.

"Sikwenda kuangalia vitambaa," akasema. "Na sikuuchagua mji huu kwa ajili ya theluji."

"Sema."

"Kuna dada mmoja hapa, tunamwita Mkasi. Ni mtu wa kwetu, ana karakana ya kushona makoti. Aliona kazi zangu kwenye simu, akaniambia nikija atanijaribu. Jaribio lenyewe ni kupachika mkono wa koti kwa sindano, koti likiwa mwilini mwa mtu, bila cherehani. Nikifaulu nakaa nao mpaka majira ya joto, najifunza."

"Mwilini mwa mtu?"

"Fundi wao mmoja, Mrefu. Husimama kwenye kigoda kutwa nzima kama sanamu, masikini. Nimefanya vizuri, ila mwisho nilijisahau nikakata uzi kwa meno, kule begani, kama ninavyofanya nyumbani. Mkasi alinigombeza mpaka Mrefu akacheka."

"Ulikuwa unakata uzi!"

Niliketi wima. Blanketi likaanguka. Furaha iliyonijia sijawahi kuipata, hata siku aliyonikubali.

"Mbona umefurahia uzi kiasi hicho?"

"Nimefurahi... kwamba meno yako ni mazima."

Kisha uso wake ukakunjamana, akaanza kulia.

"Nimefaulu," akasema. "Wamenipa nafasi. Lakini harusi ingebidi isubiri. Nikaogopa kukwambia kabla sijajua kama nitafaulu. Nikakudanganya. Nimekuleta nchi ya watu, nikakuacha kwenye chumba, nikaenda kujitafutia yangu."

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema, mpenzi, hata mimi nina kofia chini ya godoro. Mdomo wangu ulifunguka. Kilichotoka ni hiki:

"Imeniuma, Fundi. Mimi nilikuamini. Nimelala hapa siku nzima, sijawaza lolote baya, nikijua mwenzangu yuko kwenye vitambaa."

"Najua."

"Mwingine angekufuata."

"Najua! Ndiyo maana naumia. Mwanamume asiye na wivu hata chembe, nami namzunguka." Akajifuta machozi kwa mkono wa sweta. "Basi. Siichukui ile nafasi. Kesho naenda kumwambia Mkasi. Tunarudi, tunafunga ndoa kama tulivyopanga."

Nikamkumbatia. Juu ya bega lake nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe. Nimempata mke, nimempata mapema, na bado nimebaki mtu mwema. Tatizo likaja na sentensi iliyofuata.

"Na wewe tutakwenda wote. Nataka Mkasi aone nakataa kwa ajili ya mtu wa namna gani."

"Mpigie simu tu."

"Hapana. Kwa heshima, nitakwenda mwenyewe."

"Nahisi homa."

"Utavaa sweta mbili."

Asubuhi tulitembea mkono kwa mkono, yeye kimya, mimi nikiomba dhoruba. Nilimwonyesha maduka ya njiani. Nikamwonyesha paka. Nikajifanya nimepotea, akanivuta. Mara tuko mbele ya mlango mwembamba, kengele ikalia, joto la pasi likatupiga usoni.

Mkasi alikuwa mama wa makamo, mto wa sindano kwenye kifundo cha mkono, futi imening'inia shingoni. Nikachungulia kila pembe. Kigoda kilikuwa kitupu. Nikapumua.

"Karibu, shemeji," akanisalimia. "Ndiye huyu?"

"Ndiye," Fundi akasema. "Dada Mkasi, nimekuja kushukuru na kukataa."

"Kukataa? Mkono ule ulioupachika jana, nimeugeuza ndani nje sijaona pa kukosoa. Nani amekutisha?"

"Hakuna. Ni mimi. Huyu mwenzangu aliniamini, akashinda amelala hotelini siku nzima bila hata kuniuliza, na mimi muda wote namficha. Siwezi kuianza ndoa hivyo. Yeye hana wivu, dada. Hana kabisa."

Mkasi akanitazama kwa heshima. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu anayepokea cheti.

Pazia la nyuma likafunguka. Akatoka Mrefu, amebeba rundo la makoti mpaka kidevuni. Akaniona. Akasimama. Akayaweka makoti mezani, taratibu, moja baada ya jingine, bila kuniondolea macho, kisha uso wake ukapasuka kwa kicheko.

Hajui Kiswahili hata neno. Hakukihitaji. Akachukua kofia ya mtu kwenye ndoano, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Akainama, akanyata mpaka dirishani, akapangusa kioo kwa kiganja, akabandika pua. Halafu akaweka mkono sikioni kama mwenye simu na kuanza kulalamika kwa midomo, macho yamemtoka kama mtu aliyeibiwa nyumba.

Fundi alimtazama. Akanitazama mimi. Akamtazama tena.

Mkasi akauliza kitu kwa lugha ya pale, Mrefu akajibu akinyoosha kidole kwangu, na Mkasi akafunika mdomo.

"Anasema huyu alikuwa hapo dirishani jana, tangu unaanza mpaka unakata uzi," akamwambia Fundi. "Wewe ulikuwa umezama kwenye sindano, sisi tulidhani ni mwizi. Nilitaka kuita polisi, Mrefu akasema mwizi gani anavaa kofia ya akina mama."

"Amenifananisha," nikasema. "Ugenini sisi wote tunafanana."

Hakuna aliyecheka. Ile pasi ilitoa mvuke, *fiiiii*, kama inanizomea.

"Ulilala siku nzima," Fundi akasema, polepole.

"Fundi..."

"Nimelia mpaka macho yakavimba. Nikaitupa kazi yangu niliyoifuata mpaka huku. Na wewe umenikumbatia!"

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Siku ya ubatizo wa mtoto?" Akamgeukia Mkasi. "Dada, nafasi yangu bado ipo?"

"Ipo."

"Naichukua."

"Na harusi je?" nikauliza.

"Harusi ipo. Itasubiri majira ya joto, na wewe utamweleza mama yako kwa nini." Kona ya mdomo wake ilikuwa inatetemeka, sikujua kama ni hasira au anazuia kicheko. "Koti la bwana harusi nitalishona mwenyewe. Kwa mkono."

"Basi mimi sikuwa pale, ila nakubali," nikasema.

Mrefu akagonga kioo kwa ukucha. Sote tukageuka. Pale kwenye dirisha, kwa nje, katikati ya ukungu, kulikuwa na doa la mafuta, duara na pana, lenye matundu mawili yaliyokaa vizuri kabisa.

Fundi akaivua futi kwenye shingo ya Mkasi. Akalipima lile doa kupitia kioo, akabana futi kwa kidole chenye kitambaa, kisha akaanza kunijia.

"Leta pua hiyo, mpenzi," akasema. "Tupime."