Jicho Chini ya Kitenge

"Dada, nataka mapazia mazito ya madirisha kumi. Meusi. Jua lisipenye hata chembe."

Waisiko alitabasamu nyuma ya cherehani yake, akatikisa kichwa kukubali, kisha akamvutia Nashoni jora la kitambaa cheupe, chepesi.

Hakusikia. Homa ya utotoni ilimwachia masikio ya kubahatisha, na siku ya mnada pale Mugumu, kati ya mashine za kusaga na spika za wauza dawa ya panya, alikuwa akiokota maneno midomoni mwa watu. Yakimpita, anatikisa kichwa. Aliona afadhali kukosea kitambaa kuliko kuitwa kiziwi. Aliyeijua siri hiyo ni mama yake mdogo tu, Philomena, aliyemlea.

Nashoni akacheka. Alikuwa kijana mrefu wa Nyangoto, shati la kijani limenyooshwa kwa pasi, bisibisi mbili mfukoni.

"Hili si pazia, hii ni shela ya bibi harusi. Umeshaniamulia?"

Kisha akamtazama vizuri. Akainama mpaka nyuso zikalingana, akasema taratibu: "Usione aibu. Kazi yangu ni watu wenye masikio kama yako."

Akamweleza. Alikuwa anafunga mitambo kwenye kanisa jipya, wasiosikia vizuri wapate mahubiri. Sauti inapanda kwenye mwanga usioonekana, unaitwa infraredi. Jua kali likiingia, linauvuruga.

"Njoo unipimie. Masikio yangu mimi mazima, yatanidanganya."

Mapazia yalipokwisha kutundikwa, Nashoni alimvalisha shingoni kifaa kidogo chenye jicho la kioo, akampachika visikilizio. Akamwonyesha maboksi mawili meusi juu ukutani.

"Jicho lione boksi. Ukilifunika, sauti inakufa. Ukisikia, inua mkono."

Akapanda mimbarini, akashika kipaza sauti.

"Moja, mbili. Waisiko."

Hakuwahi kusikia jina lake likitoka mbali. Aliinua mkono, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola ya gauni lake la maua.

"Benchi la nyuma! Unanisikia, mpenzi?"

Mkono juu.

"Nani kakuruhusu kuniita mpenzi?"

"Si umeinua mkono mwenyewe!"

Wiki tatu walipima benchi kwa benchi. Nashoni akajifunza kutopiga simu, maana simuni Waisiko alisikia mkwaruzo tu. Akawa anaandika: "Umekula, asali wangu?" Naye anajibu: "Nimekula. Wewe nenda ukalale na nyaya zako."

Siku ya mwisho mvua ilinyesha tangu asubuhi, na sakafu ya kanisa ilikuwa ya baridi. Waisiko alijifunika kitenge mabegani, akakivuta mpaka kifuani. Kule mimbarini kipaza sauti kilificha midomo ya Nashoni. Aliongea sana siku hiyo. Akaweka mkono moyoni, akanyamaza, akangoja.

Waisiko alitabasamu, akatikisa kichwa.

Nashoni akashuka mbio, akamkumbatia, macho mekundu. "Asante. Nilijua una moyo."

Akatikisa kichwa tena.

Jumapili wazee wawili walifika kutoka Nyangoto. Walipoondoka, Philomena alimfuata Waisiko jikoni, akaongea karibu na sikio lake.

"Unaenda kuwa mke wa pili, na mimi hukuniambia?"

"Mke wa pili wa nani?"

"Huyu mura, huyu kijana wako, ana mke kwao, mama Nchagwa. Alishamtolea ng'ombe, na hawajaachana. Wazee wanasema ulishaambiwa, ukakubali."

Ugali ukaungua.

Jioni hiyo simu ilitetemeka juu ya cherehani mara kumi na moja, ikisogea kidogo kidogo kati ya vipande vya nguo. Waisiko hakuigusa. Mwisho akaufungua ujumbe mmoja wa Nashoni: "Nilikwambia kanisani. Ukakubali kwa kichwa. Leo unanigeuka?"

Akaikumbuka ile mvua, na kitenge kifuani. Moyo ukalegea. Kumbe hakumficha! Kosa ni lake mwenyewe, yeye na kichwa chake cha ndiyo.

Kesho yake alimkuta Nashoni kanisani akikunja nyaya.

"Sikusikia," alimwambia. Neno hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu mwingine zaidi ya mama mdogo. "Kitenge kilifunika jicho. Rudia."

Nashoni alimvalisha kifaa, akapanda mimbarini.

"Nina mke, Waisiko. Na mtoto. Wewe nakupenda, lakini yeye simwachi."

Waisiko aliinua mkono. Amesikia.

"Nashoni, wewe ni fundi. Kila siku unanikagua kabla ya kupima. Siku ile hukuona jicho limefunikwa?"

Kwenye visikilizio alimsikia akimeza mate.

"Niliona."

"Mbona hukurudia?"

"Niliogopa ungesikia."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Nashoni aliendelea kuongea, sasa haraka, kwa kubembeleza, asali wangu, nisikilize asali wangu. Waisiko akaweka kiganja juu ya jicho la kioo. Sauti ikafa. Midomo ikabaki inacheza peke yake kule mbele, naye akainamisha macho asiisome.

Akavua kifaa, akakilaza sandukuni pamoja na vingine, akatoka bila mwavuli.

Siku ya mnada iliyofuata, mama mmoja aliagiza sare za kwaya, akiongea huku amegeukia pembeni. Kichwa cha Waisiko kilikwishaanza kuinama. Akakizuia.

"Rudia, mama," akasema, kwa sauti iliyogeuza watu. "Sijasikia."