Barua Iliyopewa Arobaini

Siku profesa alipokutana na fundi, foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imefika barabarani. Saa sita mchana, jua kali, mashine imegoma. Profesa alivaa gauni la kijivu lililomkaa vizuri, ila viatu vilikuwa vimelala upande. Karatasi za wanafunzi mia na ishirini alikuwa amezikumbatia kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzie.

"Dada, watoto hao wote ni wako?" fundi akauliza, kichwa nusu kimo ndani ya mashine, mikono myeusi kwa wino.

"Wote wangu. Na hakuna hata mmoja anayenisikia."

"Basi nipe mmoja nikusaidie kulea."

Profesa akacheka. Alikuwa hajacheka tangu muhula uanze.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha mawakili wa kesho kuandika: barua, mikataba, hoja za kupeleka mahakamani. Miaka kumi na tisa. Wenzake waliofundisha sheria zenyewe walipata ofisi zenye madirisha. Yeye alibaki na rundo, maana kuandika hakufundishiki ila kwa kusahihisha, karatasi kwa karatasi, mpaka mgongo ulie.

Wakapendana mwaka na nusu, mapenzi ya simu zaidi.

"Umekula, laazizi?"

"Nasahihisha."

"Sikukuuliza unafanya nini."

"Nikimaliza nitakula."

"Haya. Na mimi nikizeeka utaniona."

Fundi akitaja ndoa, profesa alimjibu kama yuko darasani: "Maneno ya mdomo hupeperuka, mpenzi. Weka kwenye karatasi." Alikuwa anatania, tena amechoka. Fundi hakujua kuwa ni utani. Akaandika barua jioni tatu. Na kwa kuwa profesa alizoea kuucheka mwandiko wake, eti kuku kapita matopeni, akaipeleka dukani, mama mwenye duka akamchapia. Siku alipomsaidia profesa kubeba rundo, akaichomeka katikati, apate kumshtukiza.

Wiki hiyo wanafunzi walikuwa na zoezi la barua ya kumwomba mtu akubali jambo. Jumapili mchana profesa alifika karatasi ya tisini. Hapa, mabinti wangu mnaosoma, sikilizeni: mtu akichoka hivyo, macho husoma makosa, hayasomi maneno. Barua ile haikuwa na jina. Akaipitishia kalamu nyekundu: "Unaomba sana, ushahidi hakuna. Arobaini kwa mia. Rudia."

Jumatatu akaziacha zote kwenye boksi la duka la fotokopi, wanafunzi wanapozichukulia. Fundi akaikuta humo.

Simu zikanyamaza wiki tatu. Profesa alipiga, hakupokelewa. Akajiambia amechokwa, akarudi kwenye rundo, maana rundo halimkatai mtu. Mama yake ndiye aliyempigia.

"Yule mwenzio yuko wapi?"

"Sijui, mama. Nina kazi."

"Kazi unayo tangu mimi nina meno. Mwanangu, karatasi haitakushika mkono ukiugua. Mfuate umuulize."

Akaanzia dukani. Mama mwenye duka akamtazama toka juu hadi chini.

"Mwalimu, ile barua ya fundi niliichapa mimi. Nililia nikiichapa. Kweli arobaini?"

Profesa akaikumbuka ile isiyokuwa na jina. Akatoka, akaenda moja kwa moja karakana ya fundi.

Fundi alikuwa anapanga bisibisi kwenye kisanduku.

"Nilidhani ni ya mwanafunzi," profesa akasema.

"Najua. Nilijua siku ya pili yake. Wewe si mkatili."

"Sasa mbona hupokei simu?"

"Ungekuwa mkatili ningekasirika, yakaisha. Lakini uliisoma yote, mpenzi, na hukunijua."

Akamtolea barua mfukoni. Profesa akaisoma amesimama, neno kwa neno. *Nimekusubiri mlangoni pa darasa mara thelathini na moja, mara tano kwenye mvua. Taa yako ya mezani iliyokuwa ikiyumba niliikaza mimi, hukuuliza. Nataka nikikuuliza kama umekula, tuwe meza moja.*

"Ushahidi umejaa," akasema.

"Nimepata kazi mji mwingine. Mkataba wa miaka miwili, nimeshasaini. Naondoka Jumamosi."

"Na nikisema nimekubali?"

Fundi akafunga kisanduku.

"Wiki tatu nyuma ningeruka. Leo nimechoka kama wewe. Niache nipumzike, nione kama moyo utarudi."

Jumamosi profesa akamsindikiza stendi, mikono mitupu. Rundo alikuwa amelifungia ofisini.

"Utaniandikia?"

"Nitachapisha dukani, usije ukanicheka."

"Hapana," profesa akasema, akimfunga kifungo cha shati. "Andika kwa mkono. Ule ule wa kuku. Nitaujua."